Simu Haibebi Jeneza

Siku hizi mtu akifariki hapa Mombasa, habari zake huenea mji mzima kabla hata maji ya kumwosha hayajatiwa moto. Simu hulia mara moja tu, na kila aliye katika kundi la mtaa au la ukoo hujua jina la marehemu, msikiti atakaosaliwa na makaburi atakapozikwa. Zamani tulitegemea vijana wapite mlango kwa mlango, na walio mbali walitega sikio kwenye matangazo ya vifo ya Voice of Kenya, ambayo tangu 1989 ni KBC.

Mimi si katika wanaoilaani simu. Sisi Waislamu huharakisha maziko, na jamaa aliyekuwa Nairobi, akipanda lile gari la moshi la kulala njiani, mara nyingi alikuta kaburi limekwisha kufukiwa. Leo akiarifiwa alfajiri, kwa ndege au kwa treni mpya iliyoanza 2017, aweza kuiwahi sala ya Alasiri. Tena tangu M-Pesa ilipoingia 2007, fedha za sanda na za chakula cha wageni hufika kabla wafiwa hawajaanza kuhangaika. Hiyo ni neema, na mwenye kuikana ni mkaidi.

Lakini kila neema ina adabu yake. Hivi majuzi tulimzika mzee mmoja jirani yetu. Katika simu, dua na maneno ya taazia yalimiminika kutwa nzima, hata nikadhani msikiti hautatosha. Tulipolitoa jeneza, tulipokezana watu wale wale mpaka mabega yakatuuma. Baadhi ya walioandika dua ndefu, nyumba zao tulipita mbele ya milango yake.

Jioni barazani, kahawa ikizunguka, kijana mmoja alitujibu hivi: "Wazee wangu, watu wana kazi. Tajiri hampi mtu ruhusa kwa kila msiba. Kisha kuzika ni faradhi kifaya. Wakienda wachache, wengine wamesamehewa."

Ni kweli, nami sikumbishia. Lakini nilimwuliza: ikiwa kila mmoja wetu anategemea kwamba mwenziwe atakwenda, ni nani hao wachache? Na kufuata jeneza kumehesabiwa katika haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe, pamoja na kumzuru mgonjwa na kuitika salamu.

Nadhani tulizoea zaidi 2020, wakati wa korona, maziko yalipowekewa mpaka wa watu 15 na Mombasa ikafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Wakati ule simu ndiyo iliyokuwa mkono pekee wa kumfikia mfiwa. Dharura ile imekwisha, lakini udhuru tumebaki nao mfukoni.

Msinione ninawasema wenzangu nikajisahau. Rafiki yangu wa Likoni alifiwa na mamake. Nilimpelekea fedha kwa simu, nikaongeza maneno mazuri, nikaendelea na shughuli zangu. Kati yangu na yeye palikuwa na kivuko tu, ambacho mwenda kwa miguu halipi hata senti. Tulipoonana baada ya wiki kadhaa, alinishika mkono akaniambia, "Yakhe, pesa zako nilizipata, ahsante. Lakini wewe sikukuona."

Sikuwa na la kujibu, na hata leo sina.

Basi rai yangu ni hii. Aliye mbali na apeleke fedha, na dua yake itafika inshallah. Aliyefungwa na kazi, hitima na iwe siku ya kwenda kumshika mfiwa mkono. Ama sisi tulio karibu, tukipata habari, tuiweke simu mfukoni, tuvae kanzu zetu, tutoke. Wahenga walisema udugu ni kufaana, na siku ya maziko kinachotakikana kwanza ni bega.