Umefunga shokapu mpya, gari bado limelala? Angalia springi

Gari dogo kama IST likijaza abiria na kuingia barabara za vumbi za Mbozi au Momba, chini linagonga. Wenye magari wengi hukimbilia gereji Tunduma na kuomba shokapu nne mpya ili gari linyanyuke. Hela inatoka, shokapu zinafungwa, gari linabaki vilevile.

Si lazima fundi awe amekosea. Huenda kilichobadilishwa sicho kilichochoka.

Nani anabeba gari?

Uzito wa gari unabebwa na springi. Shokapu inatuliza mtikisiko: springi ikibonyea na kurudi, mafuta ndani ya shokapu hupita kwenye matundu madogo na kuipunguza kasi. Kwa hiyo shokapu ikifa, gari linadunda. Springi ikichoka, gari linalala.

Mbona mengine hunyanyuka?

Shokapu nyingi za kisasa zina gesi ya naitrojeni inayosukuma kwenda juu, lakini ongezeko ni milimita chache tu.

Mbele ya IST, springi inakaa kwenye shokapu yenyewe. Hapo kimo kinaweza kubadilika zaidi fundi akiweka mpira mpya wa juu badala ya uliobonyea, au akifunga shokapu ya gari jingine ambayo sahani ya springi iko juu au chini zaidi.

Na spesa? Zinanyanyua, ila springi iliyochoka inabaki imechoka.

Pima kabla ya kulipa

- Egesha gari tupu sehemu tambarare. Pima kwa futi kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, kisha linganisha kushoto na kulia.
- Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, achia. Likiendelea kudunda, au shokapu ikivuja mafuta, shokapu imekwisha.
- Kona iko chini lakini haidundi? Anza na springi.

Shokapu mbovu usiivumilie

Tairi linalodunda halishiki barabara vizuri, na gari huchelewa kusimama ukikanyaga breki. Kwenye barabara kuu ya Tunduma–Mbeya, katikati ya malori yanayokwenda na kutoka Zambia, mita chache zinaweza kuamua kama utagonga au utasimama.

Badili shokapu kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma. Ukigusa za mbele, kapime alaimenti. Na ukitaka gari linyanyuke, mwambie fundi aanze kukagua springi.