NDUGU WAWILI, SERIKALI MBILI

Nyumba moja ya Wasamia iliyotoa Makamu wa Rais Kenya na Waziri Uganda

Msafiri atokaye Tororo, baada ya kuupa kisogo mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji huo, hufika Busia na kukuta mji mmoja wenye serikali mbili. Upande huu ni Uganda, upande wa pili ni Kenya. Ni katika mipaka hii lilikozaliwa jina la bodaboda, kwa sababu ya waendesha baiskeli waliokuwa wakichukua abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Mahindi na samaki huvuka kila siku. Watu nao huvuka, na wengi wao ni wa ukoo mmoja, waendao kuzika, kuoza au kumjulia hali mgonjwa.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Wasamia wakajikuta wamegawanyika, Mto Sio ukiwa katikati yao. Hawakuhama hata hatua moja, lakini wengine waliitwa watu wa Kenya na wengine watu wa Uganda.

Ni nyumba chache zinazolidhihirisha jambo hilo kama nyumba ya marehemu Kanoni Jeremiah Awori wa Kanisa la Anglikana na mkewe, marehemu Mariamu. Walijaliwa watoto zaidi ya kumi, wakawasomesha. Miongoni mwao alitoka W. W. W. Awori, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya wakati wa ukoloni. Akatoka daktari bingwa wa upasuaji, Profesa Nelson Awori. Akatoka Bibi Mary Okelo, mwanzilishi wa shule za Makini. Na wakatoka Moody na Aggrey.

MOODY NA MAGEREZA

Bw. Moody Awori alizaliwa Butere mwaka 1927, akasoma Mang'u, kisha akafanya biashara kwa miaka mingi. Aliingia bungeni mwaka 1983 akiwa amevuka umri wa miaka hamsini, akawakilisha watu wa Funyula, na kwa muda mrefu akawa Waziri Msaidizi. Hakuharakishwa. Ni baada ya uchaguzi wa Desemba 2002 ndipo Rais Mwai Kibaki alipomfanya Waziri wa Mambo ya Ndani. Makamu wa Rais, Bw. Michael Kijana Wamalwa, alipofariki Agosti 2003, Bw. Awori aliteuliwa kushika nafasi hiyo mwezi uliofuata.

Kazi iliyompa jina ni ile ya magereza. Wafungwa waliokuwa wakilala sakafuni walianza kupewa magodoro. Runinga zikaingia gerezani. Milango ikafunguliwa kwa waandishi wa habari na watetezi wa haki, ili wananchi wajue kinachotendeka nyuma ya kuta. Wako waliomcheka wakisema kuwa anawadekeza wahalifu. Msimamo wake ulikuwa kwamba mfungwa ni mtu, na kwamba siku moja atarudi kijijini kwake.

Hata hivyo kazi hiyo haikutimia. Mwezi Aprili 2008, miezi michache baada ya yeye kuondoka madarakani, askari magereza wa Kenya waligoma wakidai malipo na makazi bora. Mfungwa alikuwa amepata godoro, lakini askari aliyemlinda aliendelea kubanana na wenzake katika nyumba duni. Hilo ni somo kwa kila mwenye dhamana: mageuzi ya chombo chochote cha dola hayakamiliki mpaka yafike nyumbani kwa askari, kwa mkewe na kwa watoto wake.

Wala utumishi wake haukukosa doa la maneno. Mwaka 2006 jina lake lilitajwa katika kashfa ya zabuni za Anglo Leasing. Alikanusha, akabaki kazini. Mwishoni mwa 2007 wapiga kura wa Funyula walimchagua mtu mwingine, naye akaondoka. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka tisini, aliteuliwa tena kuwa katika bodi ya mfuko wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, na vijana wengi wakauliza zamu yao itafika lini.

AGGREY, MRUKA VIUNZI

Mdogo wake, Aggrey Awori, alizaliwa mwaka 1939, akaishika Uganda. Alisoma Budo, kisha Harvard huko Marekani. Aliruka viunzi kwa niaba ya Uganda katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 na ya Tokyo mwaka 1964. Aliporudi aliongoza Televisheni ya Uganda, hadi Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971. Hapo akakimbilia Kenya, na mto uliowatenga Wasamia ukawa kinga yake.

Katika serikali ya pili ya Obote alikuwa Balozi Washington. Baadaye aliipinga serikali iliyoingia mwaka 1986, kisha akarudi na kuwa Mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini. Mwaka 2001 aligombea urais akapata kura zipatazo asilimia moja na nusu tu. Miaka michache baadaye alijiunga na chama tawala, na kuanzia 2009 hadi 2011 akawa Waziri wa Habari na Teknolojia ya Mawasiliano. Alifariki Kampala mwezi Julai 2021.

MPAKA NA UDUGU

Desemba 1987 majeshi ya Kenya na Uganda yalifyatuliana risasi hapo Busia. Watu waliuawa, mpaka ukafungwa. Siku hizo Moody alikuwa mbunge upande wa Kenya, na jamaa zake walikuwa pande zote mbili. Askari aliyelenga bunduki ng'ambo hakuweza kujua ni shemeji wa nani aliyekuwa mbele yake.

Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja hapo Busia, ambapo maofisa wa nchi mbili huhudumu pamoja, na msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Wana wa Kanoni Awori walikula viapo viwili mbalimbali, na kila mmoja akaitumikia bendera yake bila kumkana ndugu yake. Askari alindaye mpaka huo ana wajibu wa kumzuia mhalifu na mpenda magendo. Lakini mama avukaye na kapu lake kwenda matangani si adui wa mtu. Huenda anakwenda kwa kaka yake.