Ngitili: Majani ya Oktoba Ndiyo Mahindi ya Mwakani

Wengi mmekuwa mkiniuliza hiki "kilimo rejeshi" kinachotajwa kila semina ni kitu gani, na kama kinahitaji mashine au mbegu za bei mbaya. Jibu fupi: ni kulima na kufuga kwa namna ambayo msimu ukiisha, ardhi inabaki na afya kuliko ulivyoikuta. Na kwa ndugu zangu wa Shinyanga na Simiyu, hili halikuja na wageni. Wazee wa Kisukuma walikuwa nalo zamani, wakaliita ngitili.

Ngitili ni nini?

Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie kabisa. Majani yanakua, yanakomaa, yanakaukia palepale yakiwa yamesimama. Kiangazi kikikolea, kwingine kote kumebaki vumbi, ndipo linafunguliwa. Kwa lugha nyingine, ni ghala la chakula cha ng'ombe lisilo na paa.

Sasa angalia hesabu yake. Maksai akifika Novemba akiwa mifupa mitupu, mvua ya kwanza inapita hujalima. Unapanda umechelewa, mvua inakata mahindi yakiwa kwenye mbelewele, unavuna mabua. Maksai aliyekula ngitili Septemba na Oktoba anaingia kwenye plau ana nguvu. Kwa hiyo anayelinda majani analinda pia ugali wa watoto wake.

Jinsi tulivyoyapoteza, na jinsi yalivyorudi

Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vingi Usukumani kupambana na mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka. Miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ikahamisha watu, na wengi wakaacha ngitili zao nyuma. Kufikia 1986, ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa hekta 600 tu hivi. Watu walianza kuuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Mwaka huohuo serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, uliodumu hadi 2004. Mwanzoni nguvu iliwekwa kwenye vitalu na kugawa miche. Baadaye ikaonekana kwamba ardhi ikipumzishwa tu, visiki na mbegu zilizolala chini vinaamka vyenyewe. Hapo ngitili ikapewa nafasi yake. Vijiji vilipanga kanuni kupitia mkutano wa jadi wa dagashida, na sungusungu wakasimamia ulinzi. Mradi ulipofikia mwisho, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi, kwenye vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Utafiti uliotolewa 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN ulikadiria kwamba faida ya ngitili ilifikia dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Hapo zimo kuni, nguzo, majani ya kuezekea, asali, dawa, matunda na malisho. Mama anayepata kuni karibu na nyumbani amerudishiwa saa zake. Kijana mwenye mizinga michache ana sababu moja zaidi ya kutokimbilia mjini.

Ukitaka kuanza, fanya hivi

1. *Anza na kipande kidogo.* Hata ekari moja iliyochoka inatosha. Ifunge mvua za kwanza zikianza.

2. *Fufua visiki.* Kwenye kila kisiki kinachochipua chagua machipukizi mawili hadi matano yaliyonyooka, ondoa mengine. Pogoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu. Funga kitambaa ili wachungaji na wakata kuni wajue mti huo una mwenyewe.

3. *Safisha njia ya moto.* Kabla majani hayajakauka, lima ukanda wa mita 5 hivi kuzunguka eneo. Moto mmoja wa Agosti unakula kazi ya mwaka mzima.

4. *Gawa vipande, fungua kimoja kimoja.* Watangulie maksai, ng'ombe wanaonyonyesha, ndama na wagonjwa. Ondoa mifugo majani yakibaki na urefu wa kiganja. Ukiacha yang'olewe mpaka mizizi, mwakani usinilaumu.

5. *Rudisha samadi shambani.* Ng'ombe ameshiba, zizi linatoa samadi nzuri. Ipeleke kwenye mahindi, changanya na kunde au choroko, na usichome mabua. Yaache yafunike udongo.

"Miti si itaninyima mavuno?"

Swali hili nalipata kila kijiji. Mti ulioachwa uwe kichaka utakunyima, ndiyo. Lakini shambani huachi kila kisiki. Acha kama mita 10 kati ya mti na mti, na pogoa kila mwaka. Niger, kwenye eneo la Maradi, wakulima walianza kufufua visiki mashambani miaka ya 1980, na leo eneo lenye miti hiyo linakadiriwa kufikia hekta milioni 5. Na wao wanalima mtama na uwele humo humo.

Penye ugomvi

Niseme ukweli. Ngitili inavunjika kwa sababu ya watu kuliko ukame. Ngitili ya kijiji ikigeuzwa malisho ya wenye ng'ombe wengi pekee, asiye na mifugo hana sababu ya kuilinda, na usiku atakata mkaa. Kwa hiyo kabla ya kufunga eneo la pamoja, mkutano mkuu wa kijiji ukubaliane: nani anaruhusiwa kukata majani ya kuezekea, kuni zinaokotwa siku gani, mizinga inatundikwa na nani, na faini inakwenda wapi. Kina mama na vijana wawemo kwenye kamati, siyo kwenye orodha ya mahudhurio tu. Kisha halmashauri ya kijiji iandike sheria ndogo na kuipeleka halmashauri ya wilaya ipitishwe. Makubaliano ya mdomo hufa mwenyekiti akibadilika.

Wewe mwenye eneo lako binafsi huhitaji kusubiri mkutano. Wiki hii tembea shambani, hesabu visiki vinavyochipua, tia alama kumi tu. Halafu mwite afisa ugani wa kata yako muangalie pamoja wapi pa kufunga mvua zikianza. Kazi njema, tukutane shambani.