Je, Wajua? Dar es Salaam Nje ya Ramani ya Mgeni

Mgeni mwenye siku moja tu Dar es Salaam haumizi kichwa. Asubuhi anapiga picha Kanisa la Azania Front, anapita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, anaizunguka Sanamu ya Askari, anaingia Makumbusho ya Taifa, anachungulia samaki Soko la Feri, na alasiri yuko kwenye boti ya Zanzibar. Vyote hivyo vimekaa karibukaribu, mwendo wa miguu kutoka Posta. Lakini jioni ileile, pale pale Posta, watu wamejipanga kusubiri gari la kuwarudisha Mbagala, Tandika, Manzese na Tegeta. Haya ni machache kuhusu huko wanakorudi.

Je, wajua kuwa Kinondoni na Temeke hazimo ndani ya Jiji la Dar es Salaam?

Ndivyo karatasi zinavyosema. Februari 2021, Rais John Magufuli aliivunja iliyokuwa Halmashauri ya Jiji, na hadhi ya jiji ikapewa Manispaa ya Ilala, ambamo ndimo zilimo Posta, Kivukoni na Kariakoo. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki manispaa ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam.

Sasa tazama sensa ya mwaka 2022. Mkoa huu ni mdogo kuliko yote ya Tanzania Bara kwa eneo, lakini ndio wenye watu wengi kuliko yote: 5,383,728. Ilala ina 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Yaani karibu watu 7 kati ya kila 10 wanalala nje ya "jiji". Na hao wa Ilala nao wengi wako Tabata, Ukonga, Gongo la Mboto na Chanika.

Lugha ya mtaani iliwahi kuliona hilo kabla ya sheria. Mkute mtu wa Tandika kituoni alfajiri, umuulize anakwenda wapi. Atakujibu, "Naenda mjini." Amezaliwa Dar, amekulia Dar, lakini mjini kwake ni mahali pa kwenda na kurudi.

Je, wajua kuwa vitongoji vingine vina umri mkubwa kuliko "mji mkongwe" wenyewe?

Majengo ya Posta yanaitwa ya kale, lakini ukale wake ni wa juzi. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji wake wa Dar es Salaam miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 na ujenzi ukadorora. Wajerumani ndio walioufufua, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Azania Front na Mtakatifu Yosefu yalikamilika mwanzoni mwa karne ya 20.

Nenda sasa Kunduchi, kaskazini, ndani ya Kinondoni. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, mengine yakiwa yamepachikwa bakuli za kauri kutoka China. Waliozikwa pale walikuwa wameshapumzika miaka mingi wakati Majid anaweka jiwe lake la kwanza. Kwa hiyo anayetaka Dar ya zamani kweli inabidi apande gari atoke mjini.

Je, wajua neno "uswahilini" limetoka wapi?

Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji kwa viwango vya nyumba, lakini kila mtu alijua kwamba maana yake ilikuwa rangi. Wazungu walikaa upande wa bahari, Uzunguni. Wahindi walikaa kwenye maduka ya katikati, Uhindini. Waafrika walipelekwa Kariakoo na Ilala, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na mji wa maduka. Kariakoo yenyewe imebeba jina la jeshi la wapagazi la Vita ya Kwanza ya Dunia, ambalo Waingereza waliliita Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalikunja jina hilo likawa lake.

Uzunguni na Uhindini, kama majina ya mitaa, yamefifia. Uswahilini limebaki, ila limehama. Leo Kariakoo ni maghorofa na mizigo ya jumla, na anayesema "uswahilini" au "uswazi" anamaanisha Manzese, Tandale, Mburahati, Keko, Buguruni au Mbagala.

Kilichohama pamoja na jina hilo ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, uwani nyuma kwa ajili ya kupikia na kufulia, na baraza mbele. Ilijengwa kwa familia moja kubwa, lakini Dar imeigeuza nyumba ya wapangaji: kila mlango familia yake, choo kimoja, na mjadala usiokwisha kuhusu nani alinunua umeme wa LUKU mwezi uliopita.

Je, wajua kuwa bendera ya uhuru ilipandishwa Temeke?

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa Uwanja wa Taifa, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru. Uko Wilaya ya Temeke, mbali na ofisi za serikali za ufukweni. Jirani yake umesimama Uwanja wa Benjamin Mkapa wa watu 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007. Klabu za soka za Simba na Yanga zote zina makao yao makuu mjini, moja Mtaa wa Msimbazi na nyingine Jangwani, lakini zinapotaka kukutana mbele ya halaiki hupanda magari kwenda Temeke.

Je, wajua Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa Magomeni?

Hadi mwaka 1955, Julius Nyerere alifundisha shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Alipoacha ualimu ili akishughulikie chama cha TANU, makazi yake yakawa Magomeni. Nyumba aliyoishi sasa ni makumbusho madogo, katikati ya mtaa wa kawaida wenye watu wanaoanika nguo na watoto wanaocheza mpira. Watalii wengi hawaifahamu, na hata wana Dar wengi wanapita karibu nayo kila siku bila kujua.

Kuna mfano mwingine wa historia iliyofanyika nje ya mji. Barabara maarufu kuliko zote za Posta imepewa jina la Samora Machel wa Msumbiji. Lakini shule ya chama chake cha Frelimo, Taasisi ya Msumbiji, ilikuwa Kurasini, Temeke. Sifa imewekwa mjini. Kazi ilifanyika nje.

Je, wajua unaweza kufika Argentina kwa daladala?

Panda gari la Manzese. Argentina ni kituo. Morocco iko Kinondoni, na Mombasa iko njia ya Gongo la Mboto. Viwanja vya Biafra viko Kinondoni pia, na hilo ni jina lenye uzito: Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria. Biafra yenyewe ilisambaratika Januari 1970. Ile ya Kinondoni bado ipo, na watu wanafanyia mikutano na kampeni hapo.

Huko nje vituo havikupewa majina na kamati. Watu walitaja walichokiona. Urafiki ni kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Makumbusho ni Kijiji cha Makumbusho kilichopo Kijitonyama. Sinza kuna "Kwa Remmy", kwa sababu hapo ndipo alipoishi Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefika Dar mwaka 1978. Alifariki Desemba 2010, lakini hadi leo konda anauliza, "Kwa Remmy wapo?" na kuna mtu anagonga bati ashuke.

Je, wajua "daladala" ni pesa?

Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabasi ya abiria yalikuwa ya shirika la umma, UDA, na hayakutosha. Watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa magari yao kinyemela, na mwaka 1983 serikali ikawaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita "dala", kwa kuifananisha na dola. Makonda wakaitangaza bei kwa kuiimba: dala, dala! Bei ilipanda, sarafu ikapotea, jina likabaki.

Anayetaka kuijua Dar asome tabia moja tu ya daladala: "kugeuza nayo". Jioni magari yakijaa, mtu anayetaka kwenda Mbagala anapanda gari linalotoka Mbagala kuja mjini, anakaa kwenye kiti, na gari linapogeuza kurudi yeye tayari ameketi. Amelipa nauli mara mbili na kusafiri kinyume ili apate kiti cha kurudi nyumbani. Hiyo ndiyo akili iliyoupa mji huu jina la utani la Bongo: bila ubongo hukai.

Treni nayo ilipata jina mtaani. Oktoba 2012 ilipoanza huduma ya reli ya abiria wa mjini, watu hawakungoja jina rasmi. Wakaiita Treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni, Mei 2016, yakawa "mwendokasi" na basi.

Je, wajua kuwa Sinza na Manzese ziliguswa na mradi mmoja?

Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa viwanja. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja vipya, barabara zikanyooshwa, na watu wakajenga kwa mpango. Manzese, ambayo tayari ilikuwa imejaa nyumba, iliboreshwa ikiwa hivyo hivyo: barabara, mifereji, maji na taa. Nusu karne baadaye tofauti inaonekana kwa macho. Sinza gari linafika mlangoni. Manzese kuna vichochoro ambavyo jeneza linabebwa kwa kuinamishwa.

Dawa nyingine ilikuja kutoka kwa wakazi wenyewe. Mwaka 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na watu wa Tandale walizunguka mtaa kwa mtaa wakachora ramani ya kata yao, wakaiweka kwenye ramani huria ya intaneti. Miaka michache baadaye kazi hiyo ilizaa mradi wa Ramani Huria, uliochora kata nyingi zinazokumbwa na mafuriko. Mtu akitaka kujua maji ya Mto Msimbazi yatafika mlango wa nani, kuna mahali pa kutazama.

Je, wajua muziki wenye kasi kubwa kuliko yote nchini umetoka vichochoroni?

Singeli ilizaliwa kwenye vigodoro na sherehe za uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala, kutokana na mchiriku na taarabu iliyokimbizwa. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Studio ya Sisso ya Mburahati ilifika masikio ya Ulaya mwaka 2017, pale lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa kazi zake. Na Tandale hiyohiyo ndiko alikokulia mwanamuziki Diamond Platnumz.

Je, wajua Masaki na Tandale zina meya mmoja?

Mgeni anayelala kwenye hoteli ya Masaki na kuambiwa asiende "Kinondoni ndani" tayari yuko Kinondoni. Ushuani na uswahilini, Oysterbay na Mwananyamala, zote zimo katika manispaa moja. Jioni hukutana Coco Beach: wa gari la kifahari na waliokuja na bajaji wanasimama foleni moja ya mihogo ya kukaanga. Ukitaka chipsi mayai, mtaani agiza "zege". Jina limetoka kwa mafundi ujenzi: vitu vinachanganywa, vinamwagwa, vinaganda.

Je, wajua zawadi ya mtalii imetoka wapi?

Turudi kwa mgeni wetu wa boti. Kwenye begi ana picha ya Tingatinga na kinyago, vyote kavinunua dukani mjini. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 akiishi Msasani, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, na kuuza kwa wazungu wa Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Wanafunzi wake waliiendeleza kazi, na hadi leo wachoraji wa mtindo wake wako hukohuko. Kinyago nacho huenda kimechongwa na fundi wa Mwenge, mbele ya duka lake, vumbi la mpingo likimfunika hadi nyusi.

Upande wa bahari, mji na Kinondoni hukutana kwenye Daraja la Selander. Mgeni wetu hakulivuka. Kinyago chake kililivuka, kimefungwa kwenye gunia nyuma ya bodaboda, kikaingia mjini asubuhi pamoja na watu wa Mwenge wanaokwenda kazini.