Nzi wa Matunda na Majira

Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hufuata kiangazi. Kwa binadamu huo ni mwaka mmoja; kwa nzi wa matunda ni vizazi vingi. Majira yakigeuka, wasiostahimili hufa bila uzao, na waliosalia huwarithisha watoto ustahimilivu wao. Uchunguzi wa Pennsylvania, Marekani, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha ya kuwa urithi wa nzi wadogo hugeuka wakati wa joto na kurejea baada ya baridi. Kama majira, ndivyo na mahali: mwaka 2016 nzi wa milimani, Ceratitis quilicii, alitambuliwa kuwa si yule wa mabondeni, kwani huyu huvumilia baridi. Basi mwenye mipera asidhani kwamba baridi ya milima itamlindia matunda yake.