Pikipiki ya Mchina na lita moja ya oili

Nyakanazi ni njia panda. Anayetoka Kahama hufika hapo akachagua: ama ashike njia ya Kigoma, ama aendelee kuelekea Rusumo na Kabanga, kwenye mipaka ya Rwanda na Burundi. Mimi nililala hapo bila kuchagua. Nilikuwa na magunia mawili ya dagaa nyuma ya pikipiki ya Kichina ya cc 125, niliyoinunua mpya miezi minne tu kabla. Kilomita chache kabla ya kufika, injini ilianza kukwaruza kama mtu anayesaga mahindi kwa jiwe, ikaishiwa nguvu, ikazima. Nikapiga kiki, kiki haikushuka. Injini ilikuwa imenoki. Usiku mvua ikanyesha. Wenzangu walivuka asubuhi wakauza. Mimi nilibaki na dagaa waliolowa, nikawatoa kwa bei ya chakula cha kuku.

Fundi alipofungua nati ya kumwagia oili chini ya injini, kilitoka kiasi cha kikombe kimoja, kimekuwa cheusi na kizito kama lami. Injini ile inahitaji karibu lita moja. Nilikuwa nimeshaanza kuwalaani Wachina na viwanda vyao. Fundi akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilitazama kijiti cha oili, nikanyamaza.

Tangu siku ile nimesikia lawama ile ile Mutukula, Sirari, Namanga na Busia: pikipiki za Kichina ni za kutumia na kutupa. Sikubaliani nayo. Nyingi ya pikipiki hizi, hata ziandikwe jina gani kwenye tenki, zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125, iliyobuniwa Japani miaka ya 1970. Honda waliitengeneza makusudi kwa nchi ambako pikipiki ni punda wa kazi. Badala ya cheni ya ndani ya kuendesha valvu waliweka fimbo za kusukuma, kwa kuwa fimbo huvumilia uzembe wa mwenye mali. Ni injini ambayo fundi wa kijijini anaielewa na anaifungua kwa spana chache. (Boxer na TVS zinatoka India na injini zake ni nyingine, ingawa mengi ya hapa yanazihusu pia.)

Kinachoifanya ya Kichina iwe nafuu ni vile vitu vinavyoizunguka injini: chuma laini cha bolti, mpira wa bei ndogo, nyaya nyembamba, beringi za kawaida, na haraka ya siku ilipounganishwa. Karibu vyote hivyo vinarekebishika kwa pesa ndogo. Mnunuzi anayeokoa fedha dukani anapaswa kujua kwamba sehemu ya fedha hiyo bado inadaiwa.

Deni la kwanza ni oili. Injini hii haina chujio la karatasi kama la gari. Ina wavu mdogo, na kikombe kinachozunguka ndani ambacho hutupa uchafu mzito pembeni. Uchafu mwembamba unabaki unazunguka, na oili hiyo hiyo moja ndiyo inayohudumia pistoni, gia na klachi. Njia pekee ya kuutoa ni kumwaga. Oili ya kwanza imwagwe pikipiki ikiwa imetembea kilomita 300 hadi 500, maana injini mpya hutoa unga wa chuma vyuma vyake vinapozoeana. Baada ya hapo, kwa anayebeba mizigo kwenye vumbi, kila kilomita 1,500 ni kipimo kizuri. Ukitembea kilomita 100 kwa siku, hizo ni wiki mbili na siku moja. Wengi wetu huhesabu kwa miezi, na hapo ndipo tunapopotea, kwa sababu pikipiki ya mfanyabiashara wa mpakani hutembea kwa mwezi kilomita ambazo ya mwalimu wa shule haifikishi kwa nusu mwaka.

Kijiti kitazamwe kila asubuhi, injini ikiwa baridi, pikipiki ikisimama wima mahali tambarare. Kifute, kirudishe bila kukaza nyuzi zake, kisha kitoe usome. Oili iwe ya pikipiki za mipigo minne, 20W-50 au 15W-40, na ukiona kopo limeandikwa JASO MA, hiyo imetengenezwa kwa klachi inayoogelea ndani ya oili kama yetu. Oili nyingine za magari zimewekwa dawa ya utelezi. Zinapendeza injini lakini klachi inaanza kuteleza: unavuta mafuta, injini inalia, mzigo haupandi mlima. Halafu kuna oili iliyokwisha kutumika, ikachujwa na kurudishwa kwenye kopo safi. Nunua kopo lenye muhuri ambao haujaguswa, na ukimaliza litoboe, lisirudi sokoni.

Deni la pili ni bolti, na hili hulipwa kwa jasho tu. Injini ya silinda moja inatikisa, na chuma laini hulegea. Wiki ya kwanza shika spana uzunguke pikipiki nzima: bolti za kushikilia injini, ekzozi, keria, mkono wa breki ya nyuma, sproketi, mikono ya usukani. Rudia baada ya wiki nyingine, kisha kila unapomwaga oili. Gusa spoku za magurudumu moja moja kwa bisibisi. Iliyokaza inatoa mlio, iliyolegea inatoa kishindo kizito. Spoku mbili zikilegea, za jirani zinabeba kazi yao na kukatika, na rimu inapinda ukiwa na mzigo kwenye shimo la kwanza. Jambo moja la kuwa nalo makini ni nati ya kumwagia oili. Inakaa kwenye alumini, na ukiikaza kwa hasira nyuzi zinang'oka. Nimeona pikipiki zilizozibwa hapo kwa gundi na sabuni.

Tapeti zinahitaji neno lake. Fundi mwingi wa barabarani akisikia kichwa cha injini kinagonga kidogo, hukaza tapeti mpaka kimya, na mteja hufurahi. Tapeti inayolia kidogo ni salama kuliko iliyobanwa. Ikibanwa, valvu haifungi sawasawa, moto unapita pembeni yake, inaungua, na pikipiki inaanza kuwa ngumu kuwaka asubuhi. Nafasi inayotakiwa ni kama milimita 0.05 hadi 0.08, ikipimwa kwa kibati maalumu injini ikiwa imepoa kabisa. Fundi asiye na kibati hicho akikwambia anapima kwa sikio, mwache apime ya mwingine.

Cheni nyingi za pikipiki hizi ni namba 428. Kosa la wabeba mizigo ni kuikaza pikipiki ikiwa tupu. Magunia yakipanda, gurudumu la nyuma linasogea, cheni inakazika zaidi, na kinacholipa ni beringi za gurudumu na shafti ya gia. Ikaze kisha mkalishe mtu juu, na bado iwe na mchezo wa sentimita mbili hivi katikati. Ikichakaa, badilisha pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka haimalizi miezi. Na tuache kuipaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ile ina unga wa chuma, ukichanganyika na vumbi unakuwa msasa.

Kwa wanaopanda milima ya Burundi, Rwanda, Kabale au Kivu, kuna ujanja wa bei rahisi: weka sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu. Utapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare, lakini utapanda bila kuchezea klachi, na klachi ndiyo inayoungua milimani. Huko huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Dar es Salaam au Mombasa inamwaga petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Fungua plagi uitazame. Rangi ya udongo wa kahawia ni njema. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mwambie fundi apunguze mafuta, na ukirudi pwani mwambie arudishe, kwani mafuta machache mno kwenye joto la chini huchoma pistoni.

Masizi hayo yanaweza pia kutoka kwenye chujio la hewa lililoziba. Lioshe sponji kwa sabuni, likauke, lipake oili kidogo, likamuliwe na kurudi. Wako wanaolitoa kabisa ati injini ipumue. Injini inapumua kweli, inapumua mchanga. Na petroli ya chupa ya pembeni ya barabara, ile ambayo Goma na Bukavu wauzaji wake huitwa kadhafi, inunue ukiwa huna njia. Mara nyingine ina mafuta ya taa, mara nyingine maji. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ukishaipata kituo halisi, ifungue nusu dakika, uchafu utoke.

Umeme ndio udhaifu halisi wa mashine hizi, na hapo siwatetei waliozitengeneza. Msimu wa masika maji huingia kwenye maungio ya nyaya chini ya tenki, na pikipiki nzima hukataa kuwaka kwa sababu ya kutu ya senti tano. Siku moja ya jua, vua tenki, chomoa kila kiungo, kisafishe, paka grisi kidogo, rudisha. Ni kazi ya saa mbili, na kwa maoni yangu inashinda kubadilisha CDI tatu kwa kubahatisha.

Skuta za Kichina zisizo na gia, ambazo akina mama wengi wanaofanya biashara mijini wamezipenda kwa kuwa hupandwa na kanga au gauni bila taabu, hazina cheni. Zina mkanda wa mpira na rola ndani ya boksi la kushoto. Mkanda ukikatika huna njia ya kufika, kwa hiyo ufunguliwe utazamwe nyufa kabla ya kilomita 10,000. Gurudumu la nyuma lina oili yake ya gia, kidogo sana, na wengi hawajui kuwa ipo. Nazo zisibebeshwe magunia. Magurudumu yake madogo hayakuumbwa kwa mashimo yetu.

Pikipiki yenyewe nayo ina kikomo. Vitabu vya nyingi za cc 125 husema karibu kilo 150, dereva akiwemo. Najua tunabeba zaidi. Basi angalau mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma, si kwenye ncha ya keria.

Faida kubwa ya injini hii ya kuigwa huonekana ukiharibikiwa nchi isiyo yako. Kariakoo, Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi, soko la Kisekka pale Kampala, kote ukitaja CG125 muuzaji anainuka. Usitaje jina la kwenye tenki, atakwambia hana. Lakini nenda na kifaa kibovu mkononi. Pistoni ya 125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na ya 150 ina 62, na muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote. Hesabu meno ya sproketi na viungo vya cheni kabla ya kulipa. Kurudi na bidhaa upande wa pili wa mpaka kubadilishana ni safari nyingine, foleni nyingine.

Chini ya kiti changu sasa kuna mfuko wa turubai: plagi ya D8EA na spana yake, waya wa klachi, tyubu na chuma mbili za kufungulia tairi, kiungo cha cheni, fyuzi mbili, waya wa kufungia, na nusu lita ya oili. Unazidi kilo chache tu. Kabla ya daraja la Rusumo huwa nasimama, natazama kijiti, kisha nageuza kioo cha kushoto kitazame vizuri, kwa sababu upande wa pili wanaendesha kulia, na magari yatakayonipita yatakuja kwa mkono huo.