Kibendera cha Almere

Wanangu, mshika kibendera mnamjua: yule anayekimbia pembeni ya mstari, mtu akiotea anainua kibendera chake. Kwenye ligi kubwa hulipwa. Kwenye mechi za watoto, mara nyingi ni baba au mjomba wa mchezaji, aliyeitoa Jumapili yake ili nyinyi mcheze.

Baba wa namna hiyo alikuwa uwanjani Almere, Uholanzi, tarehe 2 Desemba 2012. Alikuwa na miaka 41, na mwanawe alicheza mechi hiyo. Kipenga cha mwisho kilipolia, vijana wa timu ngeni kutoka Amsterdam wakamvamia kwa hasira ya maamuzi yake. Akaanguka, wakampiga mateke. Aliinuka, akaenda nyumbani kujilaza. Saa chache baadaye akarudi uwanjani kutazama mechi nyingine, na hapo ndipo alipozimia. Kesho yake akafariki. Mwisho wa wiki ile chama cha soka cha Uholanzi kilifuta mechi zote za ridhaa nchi nzima.

Sasa nisikilizeni hapa. Mtu akikamatwa na wenzake, neno lake la kwanza huwa, “Mimi nilipiga teke moja tu.” Mnadhani hakimu alazimike kulitafuta lile teke lililoua, lilitoka mguu gani? Hapana. Mliovamia pamoja mnajibu pamoja. Kifo hakigawanywi vipande, kila mmoja akabeba chake kidogo.

Juni 2013, mahakama ya Lelystad iliwatia hatiani kwa kuua vijana sita na mwanamume wa miaka 50, baba wa mmoja wao. Haikusema walipanga kuua. Hakuna aliyetoka nyumbani na nia hiyo. Lakini ukimpiga teke la kichwa mtu aliyelala chini, unajua linaweza kumwondoa duniani, na bado ukalipiga. Sheria inahesabu kwamba uliikubali hatari ya kumuua.

Vijana watano walipata miaka 2 kila mmoja, wa sita mwaka 1. Huyo alikuwa na miaka 15, na kule kifungo cha mtoto wa miaka 12 hadi 15 hakizidi mwaka 1. Cha mwenye miaka 16 au 17 hakizidi miaka 2. Chini ya miaka 12 hushtakiwi. Hata Kenya, tangu Sheria ya Watoto ya 2022, jinai inaanzia miaka 12. Basi wewe wa darasa la saba usiseme bado ni mdogo.

Yule baba wa miaka 50 alipewa miaka 6. Ndiye ninayemfikiria zaidi. Alikuwa mtu mzima, ametoka kumtazama mwanawe akicheza, na kazi yake ilikuwa moja: kuwashika wale watoto mikono na kuwavuta nyuma. Alikata rufaa. Desemba 2013 mahakama ya rufaa ikaiacha miaka yake 6 palepale.